Gundi ya seli na uvimbe wa ubongo

Mabibi na mabwana, mwaka 1928 daktari wa upasuaji Walter Dandy, kule Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa wa glioma, yaani uvimbe wa saratani unaoanzia ndani ya ubongo wenyewe, aliowaondolea nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia. Hata hivyo uvimbe ulirudi. Kisu kilikuwa kimechelewa, seli za uvimbe zilishavuka upande wa pili.

Zilivukaje? Saratani nyingi husafiri kwa damu. Glioma hutambaa. Seli hurefusha mguu mwembamba, hung'ang'ania ukuta wa mshipa wa damu au nyuzi za neva, hujivuta, kisha huachia nyuma, kama mkwezi apandavyo mnazi. Vidole vyake ni protini za kunatia zilizochomoza juu ya seli, ndiyo gundi ya seli: integrini, kadherini, CD44. Basi watafiti wakasema, tuvifunge vidole.

Dawa ya silenjitaidi iliundwa kuziba integrini mbili. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 ulikuwa na wagonjwa 545 wa glioblastoma, glioma iliyo kali kuliko zote. Wote walipata mionzi na temozolomaidi, dawa ya kuua seli za saratani, nusu yao wakaongezewa silenjitaidi. Katika kila kundi, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 26.3. Miezi ileile, wenye dawa na wasio nayo. Iliniuma sana kuisoma namba hiyo.

Kwa maoni yangu, tulikosea kuiona gundi kama gundi tu. Molekuli inayoshika pia huipa seli habari: ishi, gawanyika, songa. Na ukifunga kidole kimoja, vingine vipo.

Tazameni neuroligini-3. Kazi yake ni kushikanisha neva mbili pale zinapopashana habari. Mwaka 2015 mtafiti Michelle Monje na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba neva zikichangamka, kipande cha protini hiyo hukatika na kumwagika, na glioma ikikipata hukua. Yaani ubongo ukifanya kazi yake ya kila siku, unaulisha uvimbe! Mwaka 2017 wakapandikiza glioma za binadamu kwa panya wasio na neuroligini-3: zikadumaa kwa miezi. Baadhi zilianza kukua tena baadaye, nami siwezi kulificha hilo.

Mkasi unaokata kipande kile ni kimeng'enya ADAM10. Kwa panya, kukizuia kulipunguza kasi ya uvimbe, na dawa ya namna hiyo imeshaanza kujaribiwa kwa watoto ambao glioma imewarudia baada ya matibabu.