Maharage kwa Miguu ya Nguruwe, Mapishi ya Bukavu

Jambo ba mama, ba papa, na ninyi vijana mnaopika peke yenu! Tuko jikoni Bukavu, mbabula, jiko letu la makala (makaa), imeshawaka. Leo ni maharage na miguu ya nguruwe, pamoja na kipande cha mkia. Sokoni Kadutu wengi wanaipita miguu, wanaomba mnofu. Kwa maharage mimi nachagua mguu siku zote. Mnofu ukikaa motoni muda mrefu unabaki nyuzi tupu. Ngozi na mishipa ya mguu inayeyuka taratibu, ndiyo inayofanya mchuzi ushike.

Maharage haya ya njano, nusu kilo, tumeyachambua mawe na kuyaloweka tangu jana jioni. Maji yawe mengi, maana yanavimba. Ndani nimetia chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 2. Najua mmeambiwa chumvi inayakaza. Hapana, inalainisha ganda. Kinachoyakaza ni nyanya, tutafika huko. Sasa mwaga maji hayo, suuza.

Kabla ya kulipa, mama, angalia nyama kwa makini. Ukiona vijipunje vyeupe kama mchele ndani ya mnofu, hao ni watoto wa tegu. Acha, hata kama bei ni ya chini.

Sogea uone hapa. Mguu umepasuliwa na mchinjaji mara mbili, na kwato zimeng'olewa. Ninaupitisha juu ya makala, ninaugeuza, nywele zinaungua. Kisha kisu: kwangua, kwangua tena. Hapa katikati ya vidole ndipo watu wanaposahau, na ndipo harufu inapojificha. Fungua kwa kidole, kwangua mpaka ngozi iwe safi. Osha kwa maji ya moto. Weka kwenye sufuria pamoja na mkia na maji baridi, chemsha dakika 10. Povu hili la kijivu hatulitaki; mwaga yote, osha na sufuria.

Rudisha nyama, lita 3 za maji, kitunguu kimoja, tangawizi, seleri. Funika. Miguu iende peke yake kwanza, saa moja na nusu. Ukiyatia maharage sasa hivi, yatapondeka kabla ngozi haijalainika.

Na usifuate saa za video iliyopigwa Kinshasa au pwani. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Kwetu chakula kinachelewa. Onja, gusa, usiangalie saa tu.

Choma ngozi kwa kisu. Kikiingia bila kusukumwa sana, tia maharage. Yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, hasa yale mekundu makubwa: mabichi yana sumu inayotapisha, na moto mdogo peke yake hauimalizi. Baada ya hapo punguza makala. Maji yakipungua ongeza ya moto, birika likae karibu. Ya baridi yanazima mchemko na kukula makala bure.

Baada ya saa moja hivi, chukua punje moja, ibonyeze. Imepondeka yote, hata katikati? Vizuri. Sasa ndiyo zamu ya nyanya. Chota mafuta yanayoelea juu, vijiko 3, weka kwenye kikaango. Kaanga kitunguu, vitunguu saumu, kisha nyanya 3 mpaka maji yake yakauke. Mimina kwenye sufuria. Ponda upawa mmoja wa maharage, urudishe. Tia chumvi, na pilipili moja nzima, isipasuke. Acha wazi dakika 20.

Pakua na bugali. Ndizi za kuchemsha pia zinakubali.

Ndugu zetu Waislamu na Waadventista, tumieni mguu wa ng'ombe. Utaratibu ni uleule: mguu kwanza, maharage baadaye, nyanya mwisho. Ila wa ng'ombe unataka muda mrefu zaidi, anza asubuhi.

Kikibaki, kesho utakikuta kimeganda. Usishtuke, ni ule mchuzi wa ngozi. Ongeza maji kidogo, koroga mpaka chini maana kinashika haraka, na kichemke vizuri kabla ya kula.