Bei Mpaka Natoka Getini: Kupatana Bei ya Gari Jipya Ukiwa Arusha

Habari zenu ndugu zangu wa Arusha, Moshi, Babati na popote mnaponitazama. Nimeegesha hapa Njiro, nimekaa ndani ya pikapu yangu ya kazi, na mapajani nina karatasi mbili ambazo tutazisoma pamoja. Leo tunaongelea gari jipya kabisa, zero kilomita, unalonunua kwa wakala mwenyewe. Magari ya yadi yaliyotumika Japani yana hesabu nyingine, yatapata video yake.

Kwanza niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma. Mwaka 2019 nilikwenda kununua gari la kwanza la duka langu la vifaa vya ujenzi. Tulivutana bei mpaka alasiri, yule kijana akashuka hadi milioni 62, tukapeana mikono. Nikampigia baba watoto nikamwambia tumepata. Siku ya kulipa naletewa ankara ya milioni 73 na laki moja na sitini elfu. Nauliza, hii imetoka wapi? Najibiwa: mama, ile bei tuliyopatana ilikuwa bila VAT. Asilimia 18 ya milioni 62 ni milioni 11 na laki moja na sitini elfu, na hela hiyo ilikuwa ya mzigo wa mabati. Nilirudi Sakina nalia. Nilikuwa nimepatana bei ya kipande cha gari.

Tangu siku hiyo napatana kitu kimoja tu: bei mpaka natoka getini. Yaani jumla yote, gari likiwa na namba, mimi nimeshika usukani, hakuna mtu nyuma anayeniita nirudi kumalizia kitu.

Hatua ya kwanza inafanyika nyumbani. Andika gari unalolitaka: modeli, injini ya dizeli au petroli, gia ya manyuo au otomatiki, rangi, na vitu usivyoweza kuishi bila navyo. Halafu ongeza chapa ya pili na ya tatu zinazoweza kufanya kazi ileile. Hapa sikilizeni vizuri, maana watu wengi hupoteza nguvu. Kwa chapa moja, wakala rasmi hapa nchini mara nyingi ni mmoja, makao yake Dar, na tawi la Arusha ni mtoto wake. Ukimwambia wa Arusha kwamba Dar wamekupa nafuu, anapiga simu moja tu na anajua ukweli. Anayemtia wasiwasi muuzaji wa Hilux ni muuzaji wa D-Max au wa Ranger. Washindanishe hao.

Hatua ya pili, omba profoma, yaani karatasi ya bei kabla hujanunua, na uiombe kabla hawajakuona sura. Ukishaingia ukumbini, ukakaa kwenye kiti, ukanusa ule upya, moyo umeshanunua na uso unaonyesha. Tuma ujumbe kama huu, nauweka kwenye skrini, simamisha video unakili:

"Habari za kazi. Nahitaji pikapu ya dabo kabini, dizeli, gia ya manyuo, rangi nyeupe. Naomba profoma kwa shilingi, VAT ikiwa ndani, pamoja na usafirishaji mpaka Arusha, usajili, namba, na kila ada nitakayotozwa mpaka natoka getini na gari. Mwaka wa kutengenezwa uandikwe. Nanunua mwezi huu."

Hilo la shilingi lina sababu. Zamani tulikuwa tunapewa bei ya dola, na siku ya kulipa dola imepanda. Tangu tarehe 28 Machi 2025 kuna kanuni za serikali zinazokataza kutangaza au kudai bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Ukiletewa profoma ya dola, irudishe kwa heshima, omba ya shilingi.

Na mwaka wa kutengenezwa? Gari linaweza kuwa zero kilomita na bado limesimama stoo tangu mwaka juzi. Ni jipya, ndiyo, lakini siku ukiliuza mnunuzi atasoma mwaka. Hilo ni punguzo lako, lidai.

Hatua ya tatu, tusome sasa. Namba hizi ni za mfano, mahesabu ndiyo ya kweli. Karatasi ya kwanza: gari milioni 71, VAT ndani. Ya pili: gari milioni 72 na laki nne. Ukiangalia haraka utakimbilia ya kwanza. Teremsha kidole. Ya kwanza ina usafirishaji milioni moja na laki mbili, usajili na namba laki sita, maandalizi ya gari laki nne na nusu. Jumla ni milioni 73 na laki mbili na nusu. Ya pili hiyo 72 na laki nne ni kila kitu. Kumbe ile "rahisi" ni ghali kwa laki nane na nusu.

Kila mstari una mwenyewe. Usajili ni malipo ya serikali, unalipwa kwa kontroo namba, kwa hiyo mwambie muuzaji akuoneshe kontroo namba na kiasi chake. Kilichozidi hapo ni cha kwao. Maandalizi, nyaraka, usafi, hizo ni ada zao wenyewe na zinapunguzika mpaka sifuri. Usafirishaji uliza gari linakuja juu ya lori au linaendeshwa. Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 600; kama limekuja kwa magurudumu yake, hiyo zero kilomita haipo tena na nauli ya lori hulipi.

Bima sijaijumlisha makusudi. Bima kubwa ya gari binafsi mara nyingi huhesabiwa kuanzia asilimia 3.5 ya thamani, na VAT juu yake. Unaweza kuikata kwa wakala wako wa bima hapa mjini. Usikubali kufungiwa humo humo kabla hujauliza nje.

Hatua ya nne ndiyo ya kwenda sasa, uso kwa uso. Tarehe za mwisho wa mwezi ni nzuri, kwa sababu wauzaji wengi wanahesabiwa mauzo kwa mwezi. Atakukaribisha vizuri, atakupa maji, halafu: "Mama, kwa mwezi ungeweza kurejesha kiasi gani?" Ukijibu swali hilo umeachia bei. Tazama: milioni 1.9 kwa miezi 48 ni milioni 91 na laki mbili. Milioni 1.7 kwa miezi 60 ni milioni 102. Amekupunguzia laki mbili kwa mwezi na umeongeza karibu milioni 11. Mjibu kwa upole: "Mwanangu, habari ya benki nitaijua mimi. Tumalize kwanza bei mpaka natoka getini."

Gari lako la zamani nalo lisitajwe mapema. Ukilitaja, atakupa bei tamu kwenye la zamani na kuirudisha kwenye jipya, na wewe hutaona. Akikuletea zawadi, kava za viti, turubai, tinti, uliza: hivi vyote mkivitoa, jumla inashuka kiasi gani? Kama unavihitaji, chukua. Kama huvihitaji, chukua hela.

Kisha weka ile karatasi mezani. "Wenzako wamenipa 72 na laki nne, kila kitu. Napenda gari lako zaidi. Ukinifikisha 71 na nusu mpaka natoka getini, nalipia leo." Na iwe kweli unalipia leo. Ndugu zangu, msidanganye kwamba mna karatasi ambayo hamna. Yule kijana naye ana watoto, na mtarudi kwake kwa sevisi miaka na miaka. Akisema lazima amuulize meneja, msubiri. Akirudi na laki tatu pungufu, shukuru, omba namba yake, ondoka. Mimi niliitwa kesho yake asubuhi.

Mkikubaliana, profoma mpya iandikwe palepale, jumla mpya, sahihi na mhuri. Ukitoa advansi, iandikwe kwamba inarudi kama gari halitafika tarehe mliyosema. Lipia kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya muuzaji, na dai risiti ya EFD yenye jumla ileile.

Siku ya kuchukua gari nenda asubuhi, kuna mwanga. Linganisha namba ya chasisi ya kwenye gari na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Soma kilomita. Hesabu tairi la akiba, jeki, spana, kitabu cha waranti, funguo mbili. Mimi ufunguo wa pili ulikuwa kwenye droo ya mtu aliyeko likizo, nikakaa pale kwenye benchi mpaka saa nane walipoupata. Ndipo nikawasha gari nikatoka getini.