Mtoto Anapojaza Dodoso Kuhusu Mama Yake

JUMA: Dada Neema, natunga dodoso la kupima jinsi mtoto anavyomtegemea mama yake, kwa hiyo twende moja kwa moja. Mtoto wa miaka tisa anaulizwa kwenye karatasi kama anaweza kumtegemea mama yake. Kuna atakayejibu "hapana"?

NEEMA: Wachache mno. Ukimpa ndiyo na hapana tu, atachagua jibu la kumfurahisha mkubwa aliyemsimamia. Mwanasaikolojia Susan Harter alilikwepa hilo mwaka 1982 kwa kuweka watoto wa aina mbili kwenye swali moja. Mfano: "Watoto wengine wakihuzunika humwendea mama, lakini wengine hukaa na huzuni yao wenyewe." Mtoto anachagua anafanana na kina nani, kisha anasema ni kweli kabisa kwake au kwa kiasi tu.

JUMA: Kumbe kila upande una wenzake. Hakuna aibu.

NEEMA: Hapo ndipo penye ufundi. Mwanasaikolojia Kathryn Kerns na wenzake walifuata mtindo huo mwaka 1996 kwenye dodoso lao kuhusu mtoto na mzazi: maswali 15, kila moja alama 1 hadi 4, na kila mzazi anaulizwa kivyake. Wewe ukiandika "wazazi wako", yule anayemkimbilia mama na kumkwepa baba ajibu nini?

JUMA: Atabahatisha katikati. Ila sentensi zenyewe ndefu, jamani! Wengine watazungushia pande zote mbili.

NEEMA: Wanazungushia kweli. Ndiyo maana unaanza na mfano wa mazoezi, kama wanaopenda kucheza nje na wanaopenda kucheza ndani, halafu unawasomea kwa sauti. Na kanusho juu ya kanusho hapana. "Si kweli kwamba mama hanisikilizi": hata mimi nasoma mara mbili.

JUMA: Tuseme nimemaliza, nimekokotoa alfa ya Cronbach, yaani namba inayoonyesha maswali yanavyokubaliana, imetoka juu. Si nishangilie?

NEEMA: Subiri kwanza, nionyeshe maswali. "Mama hunisaidia." "Mama yuko tayari kunisaidia." "Nikitaka msaada, mama hunipa." Bwana, umeuliza swali moja mara tatu! Alfa lazima ipande. Afadhali ishuke kidogo lakini uwe umegusa kumwamini, kumweleza ya moyoni, na kujua kwamba yupo ukimhitaji. John Bowlby mwenyewe, mwasisi wa nadharia ya uhusiano wa mtoto na mlezi, alisema mtoto akikua, cha muhimu si kukaa karibu na mlezi bali kujua kwamba anapatikana.

JUMA: Na yule anayejaza kwamba mama hana kasoro hata moja?

NEEMA: Huyo ananisumbua kuliko wote. Huenda ana raha kweli, huenda amejifunza kutoonyesha kwamba anamhitaji mtu. Wote wawili wanapata alama zilezile, na wiki mbili baadaye watajibu vilevile. Uthabiti upo, maana majibu hayabadiliki; uhalali, yaani kama tunapima kile tunachotaka, una shaka. Kwa hiyo mimi sitegemei karatasi peke yake. Namwambia, "Nisimulie siku moja ulipoumia, mama alifanya nini?" Kuna anayekupa kisa chote mpaka rangi ya bandeji. Mwingine anasema, "Ni mzuri tu," basi.