Mbung'o wa Jozani na Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili

Assalaam alaykum, waalimu wenzangu na wanangu wanafunzi. Wanaonijua wanajua nitakalosema: mwanafunzi apewe utafiti wa swali lisilo na jibu mapema, asingoje mwaka wa mwisho. Waliochoka kulisikia mlango uko wazi.

Mwanafunzi wetu wa sayansi anakaa chuoni miaka mitatu, na kila swali analopewa, mwalimu ana jibu lake mfukoni. Anafunga kijiwe kwenye uzi, anakibembeza, anatafuta g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka. Lazima itoke 9.8. Ikitoka 9.2 haulizi uzi umefanya nini. Anazipika namba mpaka zikubali. Nasahihisha ripoti za darasa zima, wote 9.8, hata aliyeharibikiwa na saa katikati ya jaribio. Wapishi tunao. Halafu mwaka wa mwisho tunamwambia ghafla: fanya utafiti. Anagawa dodoso.

Sasa mbung'o. Naam, tena mbung'o, msigune. Mwaka 1994 ndege ndogo zilianza kumwaga juu ya Unguja madume waliofugwa Tanga na kupigwa miale ya gama ili wasizalishe. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Watu wanasifu miale. Mie nasifu hesabu, maana Edward Knipling, Mmarekani aliyekuwa akihangaika na nzi anayetaga kwenye vidonda vya ng'ombe, aliliwaza jambo hili miaka ya 1930, zaidi ya miaka 10 kabla ya kupatikana njia ya kuwafanya nzi hao tasa.

Toeni kalamu. Majike 1,000, madume wazima 1,000. Mwaga madume tasa 9,000. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupata dume mara moja tu, na dume mzima ni mmoja kati ya 10, kwa hiyo 100 ndio watakaozaa. Tuseme kila mmoja aache majike 2 na madume 2. Kizazi kijacho: majike 200, madume 200. Mwaga tena 9,000 wengine. Sasa dume mzima ni mmoja kati ya 46, na majike watakaozaa ni wanne. Wanabaki majike wanane. Mwaga tena, kwisha. Hukuongeza hata dume mmoja. Wao ndio waliopungua, na kila wakipungua dawa inazidi ukali. Hesabu ya kidato cha pili hii!

Lakini je, madume tasa wakiwa legelege, jike akawakataa? Je, kama wamejificha msitu wa Jozani mahali ndege haifiki? Je, wachache wakivuka maji kutoka bara kila mwezi? Badilisha namba moja, mlolongo wote unageuka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye penseli anaweza kukaa na hilo likizo nzima akatoka na kitu ambacho mwalimu wake hakukijua.

"Mzee, hatuna maabara." Nimetaja maabara saa ngapi? "Hawajakomaa." Joseph Gallian, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Duluth, alianza mwaka 1977 kukusanya wanafunzi wa shahada ya kwanza wakati wa likizo na kuwapa maswali ya hisabati ambayo hakuna aliyeyajibu. Wamechapisha kwenye majarida. Mwaka 1987 serikali ya Marekani ikaanzisha mpango wa namna hiyo nchi nzima, na vijana wanalipwa posho. Tena wengine wanakuja kwetu! Kijana wa Kimarekani asiyemaliza shahada anahesabu kima punju Jozani, anapima matumbawe Chumbe, anaandika ripoti, nasi tunaipakua na kuinukuu. Mtoto wa Pete, aliyezaliwa pembeni ya msitu huo, kazi yake kumtafsiria.

Pesa, hilo nalikubali. Likizo mtoto huyu anasimama dukani kwa mjomba wake au yuko Pemba anachuma karafuu. Huwezi kumwambia aache ujira akacheze na mbung'o wa karatasini. Posho lazima itafutwe.

Nilitaka kusema juu ya kichocho na konokono wake, na kwa nini mwani wa kotonii unakufa maji yakipata moto ilhali mwani wa spinosum unastahimili. Na bamvua. Mwenyekiti ananionesha saa, haya.

Kabla ya Alasiri kila mwalimu aandike swali moja la fani yake ambalo yeye mwenyewe hajui jibu, atie jina, alibandike mlangoni mwa ofisi yake. Karatasi ziko hapa mbele. Waalimu, mbona mmeanza kuangalia simu?