Kadi Nne na Neno "Ikiwa"

Wanafunzi, tazameni ubaoni. Nimechora kadi nne: A, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Nami nadai hivi: ikiwa upande mmoja una irabu, upande wa pili una namba shufwa. Mtageuza zipi, na hizo tu, mjue kama nasema kweli?

Wengi mmesema A na 4. A ni sawa, lakini 4 iacheni. Mkiigeuza mkakuta konsonanti, sijadanganya, maana sikusema lolote kuhusu konsonanti. Mkikuta irabu, dai langu limesimama. Vyovyote iwavyo, 4 haiwezi kuniumbua. Sasa hiyo 7 ambayo hakuna aliyeitaja: nyuma yake pakiwa na E, nimeumbuka. Jibu ni A na 7.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alilichapisha fumbo hili mwaka 1966. Aliwapa watu wazima waliosoma, na waliolipata hawakufika hata mmoja kwa kila kumi. Kwa hiyo aliyekosa hapa asijione mjinga. Sisi binadamu tukishapewa dai, hukimbilia kutafuta kinacholiunga mkono, tukasahau kutafuta kinachoweza kulivunja. Kwa sababu hiyo naamini kwa dhati kuwa mantiki isingoje chuo kikuu.

Tuite "upande mmoja una irabu" P, na "upande wa pili una namba shufwa" Q. Mlipokagua A mlitumia umbo hili: ikiwa P, basi Q; P ni kweli; basi Q ni kweli. Kwenye 7 umbo ni jingine: ikiwa P, basi Q; Q si kweli; basi P si kweli. Yote mawili ni halali. Mtego uko pale mtu anapoanza na Q akarudi kwa P. Namba ikigawanyika kwa 4, ni shufwa. 6 ni shufwa. Je, 6 inagawanyika kwa 4?

Herufi hizi hazikuwekwa kuwatisha. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitumia herufi namna hii tangu karne ya 4 KK, ili umbo la hoja lionekane bila kuzibwa na habari iliyomo. Na habari huziba kweli! Sikilizeni: samaki wote wana manyoya, papa ni samaki, basi papa ana manyoya. Mmecheka, lakini hoja hiyo ni halali. Kauli ya kwanza ndiyo ya uongo. Lau ingekuwa kweli, hitimisho lisingekwepeka. Uhalali ni huo tu.

Sasa iliyo ngumu zaidi. Ndege wote hutaga mayai. Kuku hutaga mayai. Basi kuku ni ndege. Kila sentensi hapo ni kweli, na najua mnataka kuipitisha. Kabla hamjaipitisha, futeni "kuku", andikeni "mamba", kisha msome tena.