Mfalme Mmoja, Imani Moja: Ufaransa ya 1685

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tutaishughulikia amri moja tu, ile iliyotiwa sahihi huko Fontainebleau mwezi Oktoba 1685, ambayo Louis XIV aliitumia kufuta haki walizopewa Waprotestanti wa Ufaransa na babu yake, Henri IV, kupitia Amri ya Nantes ya mwaka 1598. Kaka Hamisi, naomba uanze na babu, maana pasipo yeye mjukuu haeleweki.

HAMISI: Ahsante, dada Neema. Henri alikuwa Mprotestanti aliyerithi kiti cha enzi cha nchi ya Wakatoliki, tena nchi iliyokuwa ikichinjana kwa ajili ya dini tangu 1562. Mauaji ya Waprotestanti ya sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, Agosti 1572, yalianza Paris siku chache tu baada ya harusi yake mwenyewe, na baadhi ya waliokuja kumshangilia bwana harusi waliuawa humo humo mjini. Mwaka 1593 akaingia Ukatoliki ili aweze kutawala, na miaka mitano baadaye akatoa amri yake. Wengi huisifu kama hati ya uhuru wa dini, nami naona wanaipamba mno: iliruhusu ibada ya Kiprotestanti mahali maalumu tu, ikaikataza ndani ya Paris, na ikawaachia Waprotestanti ngome za kujilinda. Ilikuwa suluhu ya watu waliochoka kuzika.

NEEMA: Ngome zenyewe hazikudumu. Kadinali Richelieu, waziri mkuu wa mwana wa Henri, Louis XIII, aliuzingira mji wa Kiprotestanti wa La Rochelle mwaka 1627 hadi ukasalimu amri mwaka uliofuata kwa njaa, na suluhu ya 1629 ikawavua Waprotestanti nguvu zote za kijeshi. Kwa hiyo Louis alipoanza kutawala mwenyewe mwaka 1661, hapakuwa na jeshi la Kiprotestanti la kumtisha. Alikuwa anatafuta nini, basi?

HAMISI: Alikuwa anatafuta kukamilisha ufalme wake kama alivyouelewa. Wafaransa walikuwa na msemo wa mfalme mmoja, sheria moja, imani moja, na siku ya kutawazwa mfalme aliapa kuwaondoa wazushi katika nchi yake. Mtu aliyepakwa mafuta matakatifu hakuweza kuona kundi la raia wanaoabudu tofauti naye kuwa jambo dogo. Kwake huo ulikuwa ufa katika ukuta wa utawala. Ongeza kwamba alikuwa katika mzozo mkali na Papa Innocent XI juu ya mapato ya majimbo ya kanisa yasiyo na maaskofu, na mwaka 1682 maaskofu wa Ufaransa walitangaza kwamba Papa hana mamlaka juu ya wafalme katika mambo ya dunia. Mfalme anayegombana na Papa kiasi hicho huwa na haja ya kujionyesha Mkatoliki kuliko Papa.

NEEMA: Tuwaeleze wasikilizaji namna kazi ilivyofanyika, kwa sababu haikuanza na amri ya 1685. Huko Poitou, mwaka 1681, askari wa farasi walioitwa madragoni walipelekwa kulala katika nyumba za Waprotestanti, na mwenye nyumba alilazimika kuwalisha na kuwalipa. Mahali pengine walipiga ngoma chumbani kwa zamu, usiku na mchana, ili wenyeji wasipate usingizi mpaka watie sahihi karatasi ya kuikana imani yao. Na aliyesaini alisamehewa mzigo wa kuwapokea askari kwa miaka 2. Baadaye ilitosha habari kwamba madragoni wako njiani, na miji mizima ikasaini kabla hawajafika.

HAMISI: Kisha angalia hila ya utangulizi wa amri yenyewe. Mfalme anasema kwamba, kwa kuwa sehemu kubwa ya Waprotestanti imekwisha kuingia Ukatoliki, Amri ya Nantes haina kazi tena. Baada ya hapo yanafuata masharti: makanisa yao yabomolewe, wachungaji wasiotaka kubadili dini waondoke nchini ndani ya wiki 2, watoto wabatizwe na mapadri, na waumini wa kawaida wasithubutu kuhama, kwa adhabu ya kufungwa kwenye merikebu za makasia kwa wanaume na jela kwa wanawake.

NEEMA: Hata hivyo walihama. Wanahistoria hukadiria kati ya watu 150,000 na 200,000, wakiwamo wafumaji wa hariri waliokwenda Spitalfields, London, na wengine wapatao 200 waliofika Rasi ya Tumaini Jema kuanzia mwaka 1688. Mtawala wa Brandenburg huko Ujerumani, Friedrich Wilhelm, hakungoja hata mwezi upite. Alitoa amri yake ya Potsdam na kuwaahidi wakimbizi ardhi na msamaha wa kodi. Lakini mimi ninayetaka tumzungumzie kwa kirefu ni mmoja aliyekuwa Rotterdam tayari.

HAMISI: Pierre Bayle, mtoto wa mchungaji. Alikuwa akifundisha katika chuo cha Kiprotestanti cha Sedan mpaka mfalme alipokifunga mwaka 1681, naye akakimbilia Uholanzi na kuanza kuchapisha vitabu visivyo na jina lake. Kimojawapo kikawaudhi wakuu wa Ufaransa. Wao, kwa kuwa mwandishi hakupatikana, wakamkamata kaka yake Jacob, mchungaji, aliyekufa gerezani Bordeaux mwezi Novemba 1685. Mwaka uliofuata Bayle akaanza kutoa kitabu kuhusu maneno ya Injili ya Luka, sura ya 14, ambako mwenye karamu anamwambia mtumwa wake awashurutishe watu kuingia. Agostino wa Hippo, huko Afrika Kaskazini, aliwahi kuyatumia maneno hayo kutetea kuwalazimisha Wadonati, Wakristo waliojitenga na kanisa, na watetezi wa Louis wakayashika upya.

NEEMA: Jibu lake lilikuwa lipi?

HAMISI: Kwamba kila kundi hujiona ndilo lenye ukweli, hivyo aya ikimpa Mkatoliki haki ya kumlazimisha Mprotestanti, inampa kila mtu haki hiyo hiyo, na Mwislamu au mpagani naye hana sababu ya kumpokea mmishonari wa dini yenye kanuni ya namna hiyo. Kisha akaenda mbali zaidi: dhamiri inayokosea kwa unyofu ina haki ya kuheshimiwa sawa na dhamiri iliyo sahihi. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza aliyekuwa uhamishoni Uholanzi wakati huo huo, aliandika barua yake juu ya uvumilivu, iliyochapishwa 1689, lakini alikataa kuwavumilia wasioamini Mungu. Bayle alikuwa amekwisha kudai, mwaka 1682, kwamba jamii ya wasioamini inaweza kuishi kwa utaratibu.

NEEMA: Wakimbizi wenzake walimpongeza?

HAMISI: Wapi! Pierre Jurieu, mchungaji aliyefundisha naye Sedan na aliyefukuzwa nchini kwa mkono ule ule, alitaka mfalme mwingine, Mprotestanti, aje airudishe imani ya kweli kwa nguvu. Alimshambulia Bayle kwa miaka, na mwaka 1693 baraza la mji wa Rotterdam likamwondoa Bayle kwenye kazi yake ya ualimu.