Mshono wa robo inchi usioyumba: kuunganisha vipande vya kwilti kwa cherehani

Karibuni, mafundi wenzangu na nyote mnaojifunza. Tupo Moshi. Mezani kuna cherehani ya kukanyaga, pasi, rula na mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi wa Mbuyuni. Tunashona kwilti, yaani kava la kitanda la vipande vipande, na leo nahangaika na kitu kimoja tu: mshono wa robo inchi, yaani uzi upite robo inchi kutoka ukingo wa kitambaa.

Kama wewe ni fundi wa nguo, weka mazoea pembeni kwanza. Ubavuni mwa gauni unaacha hata inchi nzima, mteja akinenepa unaachia. Ukiyumba kidogo, gauni linavalika tu. Kwilti haina huruma hiyo. Tupige hesabu: mshono wako ukizidi kwa robo ya robo inchi, kama milimita moja na nusu hivi, vipande viwili vinapoteza nusu ya robo kwa mshono mmoja. Mstari wa vipande tisa una mishono minane. Inchi nzima imeshaliwa! Mstari wa jirani ulioshonwa sawasawa hautakutana nao hata uuvute vipi.

Tuanze na kukata, haraka haraka. Fua vitenge kwanza, maana vingine vinasinyaa na vingine vinachuja rangi. Piga pasi. Kata pindo zote za kiwandani uzitupe, zimebana kuliko kitambaa chenyewe. Chora kwa kipande cha sabuni kilichochongwa kikawa chembamba, na ukate katikati ya mstari. Chaki butu inachora mstari mnene, na unene huo ni kosa tayari hata hujakaa kwenye cherehani. Vipande vyetu ni miraba ya inchi mbili na nusu.

Sasa hapa ndipo penye kazi, sogeeni. Wengi wanatumia ukingo wa guu la cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa kwenye sindano, kama kipimo. Mimi siuamini, kwa sababu maguu hayafanani, na mengi hayatoi robo inchi kamili. Chukua karatasi ya grafu ya shuleni, yenye milimita. Ikate juu ya mstari mmojawapo, kisha hesabu mistari sita kutoka ukingoni. Usitumie rula ya shule hapa, nyingi zina nafasi kabla ya sifuri. Ingiza karatasi chini ya guu, ukingo uliokatwa ukiwa kulia, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka ncha ya sindano itoboe mstari ule wa sita. Shusha guu.

Mbona milimita sita, wakati robo inchi ni sita na kitu? Kwa sababu kitambaa kikikunjwa juu ya uzi, mkunjo wenyewe unakula kidogo. Tunaupunguzia mshono ili baada ya pasi kipimo kirudi mahali pake.

Karatasi ikiwa palepale, bandika selotepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, ikigusa ukingo wake. Weka tabaka tano au sita, iwe kama ukuta mdogo. Irefushe kuja upande wako, ili kitambaa kiugonge ukuta kabla hakijafika kwenye guu. Usifunike meno yanayosukuma kitambaa.

Usishone kwilti bado. Kata vitepe vitatu vya upana wa inchi moja na nusu, viunganishe, piga pasi, pima. Jumla iwe inchi tatu na nusu, na kitepe cha katikati inchi moja kamili. Kikipungua, mshono wako ni mpana: sogeza selotepu karibu na sindano. Kikizidi, isogeze mbali. Rudia mpaka ikubali. Na ukibadilisha uzi, sindano au kitambaa, pima upya.

Kwenye kushona, macho yawe kwenye selotepu, si kwenye sindano. Mikono iongoze tu. Ukivuta, kitambaa kinarefuka. Urefu wa mshono uwe hatua kumi hadi kumi na mbili za sindano ndani ya inchi. Anzia kwenye kitambaa chakavu ili kipande chako kisimezwe tunduni, kisha lisha jozi moja baada ya nyingine bila kukata uzi. Nusu inchi ya mwisho ndiyo inayopenda kukimbia pembeni, kwa hiyo ishike kwa kijiti cha mshikaki, si kidole. Cherehani ya kukanyaga inanifaa sana hapa: mwendo wake naumudu mwenyewe, na umeme ukikatika sina habari.

Pasi. Kwanza bonyeza mshono ukiwa umefungwa, kisha fungua na uulaze upande mmoja. Bonyeza, inua, hamisha. Kusukuma pasi kama unanyoosha shati kunapindisha vipande. Wenye pasi ya mkaa, tandika khanga kuukuu safi juu, majivu hayana adabu.

Mstari wa kwanza laza mishono kushoto, wa pili kulia, wa tatu kushoto. Ukiikutanisha mistari, mishono inajifunga yenyewe. Ipapase kwa vidole, weka pini, shona. Miraba tisa, mitatu kwa mitatu, ikiungana inatoa bloku ya inchi sita na nusu.

Ikipungua, usikimbilie kufumua. Kagua pasi kwanza, mara nyingi mshono haujafunguka wote. Bloku moja ikikataa katikati ya zilizo sawa, hiyo ifumue. Usizipunguze nyingine ziifuate. Lakini zote zikipungua kwa kiasi kilekile, endelea, kava litakuwa dogo kidogo tu. Ila vitambaa vya kuzungushia pembeni usivikate mpaka umelipima kava lako lilivyo, tena kwa kupita katikati, maana kingo zake zinavutika.